Hot Space: albamu ya Queen inayokimbiwa hata na mashabiki wa Queen

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na kaseti moja ya TDK, ya dakika 60, mjomba wangu aliyekuwa baharia ndo alikuja nayo, karekodiwa na mwenzake wa melini na kuandikiwa kwa bolpeni ya bluu QUEEN HOT SPACE basi, hakuna jina la wimbo hata mmoja. Upande A ulikuwa na nyimbo tano. Upande B ulikuwa na mawaidha ya Ramadhani. Bibi alitaka kumrekodi shehe redioni, akachukua kaseti ya kwanza aliyoiona mezani, na kilichookoa upande A ni kwamba mjomba alishakivunja kile kijino cha plastiki kule juu, watu wa enzi hizo mnakumbuka, ukikivunja kitufe cha kurekodi hakishuki hata ukikalie. Cha upande wa pili hakukivunja. Kwa hiyo mi nimekua nikiijua hii albamu ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, nusu tu, nyimbo tano za kucheza halafu shehe, na mwisho kabisa wa mawaidha, baada ya dua, kuna sekunde kama kumi hivi za mtu anapiga vidole, ta, ta, ta, halafu kimya. Sikujua ni nani huyo wala anapigia nini.

Miaka ikapita, nikaja Dar, nikaanza kukaa na watu wanaosikiliza roki kwelikweli, wale wenye albamu zote na wanajua nani alipiga nini mwaka gani. Siku moja nikajisemea zangu kwamba mi Queen niliyokulia ni Hot Space. Jamaa mmoja alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia hiyo ndo albamu waliyoharibu, na kama ni lazima uisikilize basi anzia upande B, ule A ruka wote. Yani alichoniambia niruke ndo kitu pekee nilichokuwa nacho utotoni, na kile anachokiita kizuri kilikuwa kimelala chini ya mawaidha ya bibi.

Sasa nimekaa nayo muda mrefu hii albamu, pande zote mbili, na kwa maoni yangu imebebeshwa kesi isiyo yake. Watu wanasema kosa la Hot Space ni kwamba Queen waliacha roki wakaenda disko. Mi naona kosa lao ni kwamba walikwenda nusu njia wakasimama. Ile nusu waliyokwenda ni nzuri kuliko inavyosemwa, na ilivyopokewa vibaya kuna sababu nyingi ambazo hata hazimo ndani ya kaseti.

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, hahitaji kutambulishwa kwetu, mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, kazaliwa 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi, na siku hizi pale Shangani kuna mpaka makumbusho yake. Ila ukimsikiliza mtu wa kwetu anamsifia atakutajia "Bohemian Rhapsody" na "We Are the Champions" na safari inaishia hapo. Ili uelewe kwa nini Hot Space iliwauma watu, inabidi ujue Queen walikuwa wanauza nini kabla ya 1982. Miaka ya 70 hawa jamaa walikuwa na jeuri fulani hivi, kwenye kava za albamu zao waliandika kabisa kwamba humu ndani hakuna sinthesaiza, yani kile kinanda cha umeme. Maana yake zile sauti zote zinazofanana na matarumbeta na vinanda vya kanisani, nyingi ni gitaa la Brian May limerekodiwa juu ya gitaa juu ya gitaa. Na gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake nyumbani akiwa kijana mdogo, shingo yake ilitoka kwenye mbao za sehemu ya kuotea moto ya nyumba ya zamani, na anapigia sarafu badala ya kile kiplastiki. Shabiki wa Queen wa 1976 alikuwa ananunua mlundikano, sauti za kuimba zimepandana, gitaa zimepandana, hakuna hata pa kupenyeza sindano.

Halafu ikaja The Game, 1980, na mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Sinthesaiza ikaingia ndani, jeuri ikaisha. Na John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya kuliko wote kwenye bendi, akaleta "Another One Bites the Dust". Deacon alishawahi kukaa na Chic, bendi ya disko, studio kule New York, na ukiiweka besi yake karibu na ile ya "Good Times" yao unausikia udugu hata kama huna sikio la muziki. Wenzake hawakuwa na imani kwamba ile ni singo, Roger Taylor wa drams ndo kabisa, mpaka Michael Jackson alipowatembelea baada ya shoo Los Angeles akawaambia hii itoeni, mkiacha mtajuta. Wakatoa. Ikawa namba 1 Marekani, na redio za Wamarekani weusi zikawa zinaipiga kana kwamba ni bendi yao.

Sasa wewe ungekuwa Queen ungefanya nini? Wimbo wako mkubwa kuliko yote Marekani ni wa besi na mdundo na gitaa limekaa pembeni. Hot Space haikuanguka kutoka mbinguni, ilikuwa inafuata njia ambayo pesa na chati zilishaionyesha. Watu wanaisimulia kama vile Freddie aliamka asubuhi moja kachanganyikiwa.

Jambo la pili ni mji. Sehemu kubwa ya hii albamu ilirekodiwa Munich, Ujerumani, kwenye studio ya Musicland iliyokuwa chini ya jengo la hoteli, na aliyeianzisha hiyo studio ni Giorgio Moroder, yule yule aliyetengeneza na Donna Summer "I Feel Love" mwaka 1977, humo humo ndani. Kwa hiyo Queen hawakwenda kuiga disko kwa mbali, walihamia jikoni kwake. Prodyuza aliyefanya nao kazi, Reinhold Mack, aliijua ile studio kama chumba chake cha kulala. Na usiku wakitoka walikuwa wanakwenda klabu moja inaitwa Sugar Shack, wakikaa pale na kusikiliza ni muziki gani unatoka vizuri kwenye zile spika kubwa na upi unageuka makelele. May mwenyewe ameshaeleza hii habari, kwamba waligundua vitu vyao vya mlundikano havisikiki vizuri pale, vinavyosikika ni vile vyenye nafasi, wakawa kama wamepagawa na hiyo nafasi. Ndo hilo neno la pili kwenye jina la albamu, Space, nafasi.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo kiini chenyewe, na mtu aliyekulia dansi ataelewa haraka kuliko shabiki wa roki wa Ulaya.

Kwenye roki ya Queen ya zamani gitaa ndo linabeba wimbo, besi na drams zinafuata nyuma kama wapambe. Kwenye muziki wa kucheza ni kinyume, wimbo unabebwa na besi na kile kimya kati ya noti na noti. Chukua wimbo wowote wa dansi unaoupenda, subiri ufike kwenye sebene, sikiliza besi. Anayeikung'uta hapigi mfululizo, anapiga, anaacha, anapiga mbili, anaacha, na mguu wako unaingia pale alipoacha. Akijaza kila mahali watu wanakaa. Solo linachombeza kwa juu, rizimu inashona katikati, na kila mmoja anajua pa kunyamaza. Mtu aliyezoea hivyo akiisikia Hot Space haoni ajabu yoyote, anasikia wazungu wanajaribu kuachiana nafasi. Aliyezoea "Bohemian Rhapsody" anasikia nyumba iliyohamwa, anauliza fanicha ziko wapi.

Chukua "Staying Power", wimbo wa kwanza kabisa. Unaanza besi ya kinanda, nene, fupi fupi, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, halafu Freddie anaingia hana haraka, kisha matarumbeta yanakatiza. Hayo matarumbeta aliyepanga ni Arif Mardin, huyu sio mtu wa kuokota, ndo mtu wa Aretha Franklin, ndo aliyewashika mkono Bee Gees wakaingia kwenye muziki wa kucheza. Sikiliza yanavyoingia, hayabembelezi, yanapiga mara moja na kutoka, pa, pa-pa, yanakuachia shimo na Freddie anaimba ndani ya shimo. Nilikuwa na miaka kumi hivi nacheza huu wimbo sebuleni peku peku kwenye mkeka na sikujua kama kuna watu duniani unawaudhi.

"Body Language" ndo yenyewe sasa, wimbo wa Freddie, nusu yake ni besi ya kinanda na pumzi tu. Gitaa la May unalitafuta kwa tochi. Maneno hayana maana yoyote ya kukaa kuijadili, ni mwili na mwili. Mtu akisema huu wimbo ni mtupu namwelewa, ni kweli mtupu, lakini mtupu kwa makusudi, umeachwa mifupa. Mi bado naupenda, ingawa nikiwa na wazee ndani siuwashi.

Na "Back Chat" ya Deacon kwangu ndo wimbo bora wa upande A na pengine wa albamu nzima. Hapa besi ni ya vidole kweli, gitaa la rizimu lile la kukwangua kwangua kapiga Deacon mwenyewe, na wimbo unahusu mtu na mtu wanaojibizana, kila neno lina jibu lake. Sasa raha yake ni kwamba studio nako walikuwa wanajibizana hivyo hivyo. May ameshawahi kusimulia kwamba Deacon hakutaka lile gitaa lake zito humo, alitaka kitu chepesi cha fanki, na wakavutana sana, na May akashikilia kwamba wimbo wa ugomvi unahitaji kitu cha kuuma. Mwisho solo likaingia. Liko mule ndani, linatoka ghafla kali, linachana wimbo katikati, kisha rizimu inarudi kama hakuna kilichotokea. Ukishajua hiyo habari unausikia ugomvi wenyewe, sio ugomvi wa kuigiza.

"Dancer" ya May ni roki iliyovaa nguo za disko, inabana kidogo kiunoni, ila mwishoni kuna sauti ya mtu kwenye simu anaongea Kijerumani, simu ya kuamshwa hotelini. Utotoni nilidhani ni redio imeingiliana. "Action This Day" ya Taylor nitairudia, ina kesi yake.

Haya, kama nusu hii ni nzuri hivyo, kwa nini ilichukiwa?

Marekani kwanza. Tarehe 12 Julai 1979 pale Chicago, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji mmoja wa redio ya roki aliwaita watu waje na sahani za disko zilipuliwe katikati ya uwanja kati ya mechi mbili. Wakaja maelfu kwa maelfu, sahani zikalipuliwa, watu wakavamia uwanja, moto, fujo, polisi, na mechi ya pili haikuchezwa. Lile halikuwa suala la muziki peke yake. Disko ilikuwa muziki uliotoka kwenye klabu za watu weusi, Walatino na mashoga, na walioingia uwanjani kushangilia walikuwa wengi wao vijana wa kizungu waliolelewa na redio za roki. Baada ya hapo redio zikajigawa kama soko lenye ukuta katikati, roki huku, muziki wa weusi kule, na MTV ilipoanza Agosti 1981 ikaufuata ukuta huo huo, mwanzoni ilikuwa haionyeshi wasanii weusi ila wachache wa kuhesabu.

Sasa Queen wanaingia Mei 1982 na albamu ambayo upande mmoja uko kule na upande mmoja uko huku. Nani ataipiga? Na singo waliyoitanguliza baada ya ile waliyoimba na mwanamuziki David Bowie ni "Body Language", ile ya mifupa, na video yake ya watu wanatiririka jasho MTV wakaikataa. Ongeza na kwamba Freddie alishaanza kufuga ule mustachi 1980 na kwenye ziara ya Marekani mwaka huo huo kuna mashabiki walikuwa wanamrushia nyembe jukwaani akanyoe. Wale walikuwa wanajua kabisa mustachi ule na nywele fupi vinamaanisha nini, hawakuupenda ujumbe. Kwa hiyo albamu ilipotoka watu wengi walishaikataa kabla hawajaifungua nailoni.

Cha ajabu, "Body Language" yenyewe haikuanguka hivyo, ilifika namba 11 Marekani. Albamu ndo ikaishia namba 22, wakati The Game ilikuwa namba 1. Uingereza ilifika namba 4, bendi nyingine ingechinja mbuzi kwa namba 4, lakini kwa Queen wa wakati ule ikahesabika msiba.

Sasa angalia kinachofuata, maana hapa ndo ile hoja ya "roki na disko havichanganyiki" inapokufa. Novemba 1982, miezi sita tu baadaye, Michael Jackson anatoa Thriller, na ndani yake kuna "Beat It", mdundo wa kucheza na katikati solo la roki limepigwa na Eddie Van Halen, gitaa linachana wimbo halafu mdundo unarudi. Umeisikia wapi hiyo? Aprili 1983 David Bowie anatoa Let's Dance, prodyuza ni Nile Rodgers wa Chic, wale wale ambao Deacon alikaa nao studio, na gitaa kapiga Stevie Ray Vaughan, mtu wa bluzi kutoka Texas. Dunia nzima ikacheza. Bowie huyu alikuwa ameimba ndani ya Hot Space. Kwa hiyo upishi ulikuwa sahihi, Queen waliupakua mapema, na waliupakua kwa watu waliokaa mezani wakisubiri nyama ya nyama.

Lakini nisiwafanye malaika. Nimesema walikwenda nusu njia, na nusu njia hiyo inasikika.

Kwanza hili la besi linaniuma mpaka leo. Una Deacon, mtu aliyekupa "Another One Bites the Dust" kwa vidole vyake, unatengeneza albamu ya besi, halafu nyimbo nyingi za upande A besi inapigwa kwa kinanda. "Staying Power" kinanda, "Body Language" kinanda kapapasa Freddie mwenyewe, "Dancer" kinanda kapapasa May. Sauti ni tamu, sikatai, nimeisifia hapo juu, ila kinanda cha wakati ule kilikuwa hakina ule uzembe mtamu wa kidole kinachochelewa kidogo. Fanki inaishi kwenye kuchelewa huko. "Back Chat" inapumua kwa sababu hiyo na nyingine zinatembea kijeshi.

Pili mashine ya drams. "Action This Day" wamemweka Roger Taylor, mmoja wa wapiga drams wenye mkono mzito kabisa Uingereza, nyuma ya mashine, na wimbo ni wake mwenyewe. Jina ni ile alama Churchill aliyokuwa anabandika kwenye nyaraka zake za vita zilizotakiwa kushughulikiwa siku hiyo hiyo, maneno ni ya kuhimiza watu waamke wafanye jambo, halafu mdundo uko kama saa ya ukutani. Haulali wala hauamki. Ndo wimbo pekee wa kaseti yetu niliokuwa nausogeza mbele.

Tatu, hofu. Unaisikia hofu pale upande unapogeuka. Nyimbo tano za kucheza, halafu ghafla "Put Out the Fire", roki la May la zamani kabisa, gitaa kila kona, kana kwamba kuna mtu kasema basi jamani tuwarudishie watu chao. Wimbo wenyewe ni mkali na una akili, ni mtu mwenye bunduki anajitetea kwa visingizio. Na kinachofuata ni "Life Is Real", Freddie na piano anamwimbia John Lennon wa Beatles, aliyepigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980. Queen walikuwa ziarani London siku iliyofuata na jukwaani Wembley wakaimba "Imagine" yake. Kuweka wimbo wa bunduki na wimbo wa Lennon jirani hivyo, sidhani kama ni bahati mbaya. Lakini ukitoka "Action This Day" ukaingia hapo unahisi umebadilishiwa bendi.

"Las Palabras de Amor" ni salamu ya May kwa Amerika ya Kusini, ambako 1981 Queen walijaza viwanja vya mpira, Argentina kwanza kisha Brazil pale Morumbi, São Paulo, zaidi ya watu laki moja kila usiku kwa siku mbili. Sasa bahati ilivyo mbaya, Aprili 1982 Uingereza na Argentina zikaingia vitani kugombea visiwa vya Falkland, na singo hii yenye kiitikio cha Kispania kuhusu maneno ya upendo ikatoka Juni huko Uingereza, vita haijaisha. Nyimbo nyingine zinatafuta maana maisha yao yote, hii maana iliifuata nyumbani. "Calling All Girls" ya Taylor naipita, ni nzuri tu.

Halafu kuna "Cool Cat", waliyoandika Freddie na Deacon, na hapa ndo naona Hot Space ingekuwa nini kama wangekubali kwenda mpaka mwisho. Freddie anaimba kwa sauti ya juu ile ya puani na kooni mwanzo mwisho, hapandi kifua hata mara moja, gitaa la Deacon linadondosha noti moja moja kama bomba lisilofungwa vizuri, na hakuna anayemkimbilia mwenzake. Ni wimbo wa saa tisa usiku, viti vimeshaanza kupandishwa juu ya meza. Bowie alikuwa ameimba humo kwa nyuma, toleo la mwanzo lilikuwa na sauti yake, halafu muda mfupi kabla ya albamu kutoka akaomba afutwe. Akafutwa.

Kama huamini kwamba upande A una uhai, kuna ushahidi umerekodiwa. Tarehe 5 Juni 1982 Queen walipiga uwanja wa wazi wa Milton Keynes, Uingereza, wiki mbili tu baada ya albamu kutoka, na shoo nzima ilikuja kutolewa mwaka 2004. Kabla ya "Staying Power" Freddie anaongea na watu, anawaambia wanaleta vitu vipya vya fanki, muziki wa watu weusi au uiite utakavyo, hilo halimaanishi wamepoteza roki yao, na kwamba jamani hii ni rekodi tu, watu wanapandwa na jazba bure. Ukimsikiliza vizuri kuna kuudhika chini ya utani. Halafu wanaupiga, Taylor na drams zake za ukweli, gitaa la May linaumana na mdundo, Deacon yuko kwenye rizimu, na ule wimbo uliokuwa unatembea kijeshi studio unakimbia kama umeiba. "Back Chat" nayo vile vile. Yani wangeirekodi albamu baada ya ziara badala ya kabla, leo tungekuwa tunabishana vitu vingine.

Ziara hiyo ilipofika Marekani ikawa ya mwisho huko na Freddie. Shoo ya mwisho ilikuwa jijini Los Angeles katikati ya Septemba 1982, hakurudi huko kwa ziara tena mpaka anafariki 1991. Na 1985 kwenye tamasha la hisani la Live Aid, zile dakika ishirini ambazo kila mtu anazijua, hakuna wimbo hata mmoja wa Hot Space. Bowie alikuwepo pale pale Wembley, alipanda jukwaani muda mfupi baada ya Queen kushuka, na hata hivyo hawakuimba pamoja ule wimbo wao. Hawakuwahi kuuimba pamoja jukwaani hata mara moja.

Ule wimbo ni "Under Pressure", ndo unafunga upande B. Ulirekodiwa mapema kuliko mengi ya humu, 1981, Montreux kule Uswisi, Bowie alikuwa karibu akapita studio, wakaanza kupiga nyimbo za watu kujifurahisha mpaka wakajikuta wanatunga. Ukatoka Oktoba kama singo, ukawa namba 1 Uingereza. Besi yake ni noti mbili tu, hebu ihesabu, noti ile ile mara sita halafu moja inashuka, basi, na watu wazima wameshaendeshana kisheria kwa ajili yake baada ya rapa Vanilla Ice kuichukua 1990. Wenyewe wanasimulia kwamba Deacon aliitunga, wakaenda kula, wakarudi kaisahau, ikabidi akumbushwe, na nani alimkumbusha kila mmoja ana jibu lake.

Huu wimbo nilikuwa naujua redioni kwa miaka, kama kila mtu. Sikujua ni wa albamu ile. Siku niliyoipata Hot Space nzima nikaiweka, nikapita upande A kwa kuukariri, nikausikiliza ule wa pili kwa mara ya kwanza mpaka mwisho, Freddie na Bowie wanapandishana juu kabisa, halafu besi inapotea, drams zinapotea, piano inabaki inatonatona peke yake, na mtu anapiga vidole. Ta, ta, ta. Nikakaa pale namsubiri shehe aseme amin.